KUIPANGA NA KUICHAPISHA ALBAMU YA SKULI YETU

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Chake Chake, Pemba)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wapenzi mlioitikia mwaliko, na ndugu zangu nyote tuliopita katika skuli moja,



Kamati imenitaka nieleze ilipofikia kazi ya albamu. Mwenyekiti amenipa nusu saa. Mimi ni mtumishi wa Serikali na vikao nimevizoea, kwa hiyo najua nusu saa ya Mwenyekiti ina dakika ngapi. Nitajitahidi nisiipite.

Mtakumbuka kuwa katika mkutano wa mwaka juzi tulikubaliana tukusanye picha zetu za skuli, tuzipange katika kompyuta, na tuzichapishe kitabu. Kazi hiyo nikapewa mimi kwa hoja mbili: kwamba nimesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwamba nina kompyuta. Hakuna aliyeuliza nilisomea nini. Nilisomea utawala. Basi ninachokuja kusema leo ni maelezo ya mtu aliyekosea kwanza, akajifunza baadaye, na ambaye sasa anahitaji msaada wenu kabla hatujatia fedha katika kazi hii.

Albamu si jambo jipya. Mwaka 1873 mwandishi Mark Twain wa Marekani alipata hatimiliki ya uvumbuzi wa kitabu cha kubandikia kilichokuwa na kurasa zilizopakwa gundi tayari, mtu akazitia maji tu na kubandika. Kwetu Unguja, studio kama Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilipiga picha za harusi, za familia na za viongozi, na picha hizo zikaingia katika albamu za majumbani. Kilichobadilika siku hizi ni kuwa kubandika kunafanywa ndani ya kompyuta, bila gundi wala mkasi, na ukurasa ukishapangwa unaweza kupigwa chapa nakala kumi au mia. Lakini kazi yenyewe ni ile ile ya zamani: kuchagua, kupanga, na kuandika.

Sasa nieleze nilivyokosea.

Nilianza pale wanapoanzia wengi. Niliingia katika intaneti kutafuta kurasa zilizopangwa tayari, ambazo mtu anaziba tu nafasi za picha. Zipo nyingi mno, na nyingine ni za bure. Nikachagua zilizonipendeza machoni. Usiku ule nilijiona fundi. Asubuhi nikamwonyesha mke wangu. Akatazama kimya, halafu akaniuliza kwa nini maalim wetu wa hesabu ananyeshewa theluji. Kumbe ukurasa ule ulipangwa kwa ajili ya sikukuu za nchi za baridi. Ukurasa wa dakhalia ulikuwa na majani mekundu ya miti ambayo hapa Pemba haioti. Timu yetu ya mpira ilizungukwa na mioyo ya waridi, kama kwamba wachezaji wote kumi na mmoja wanaposa siku moja.

Hilo lingesahihishika. Kosa kubwa lilikuwa la vipimo. Kurasa nyingi za albamu zilizopangwa Marekani ni mraba wa inchi 12 kwa 12, yaani sentimita 30 na nusu kila upande. Karatasi zetu ni A4, milimita 210 kwa 297, na A3, milimita 297 kwa 420. Tazameni: upande mfupi wa A3 unapungukiwa na ule mraba kwa milimita 8 hivi. Mimi sikupima. Nikampelekea mpiga chapa mmoja, ambaye simtaji kwa sababu kosa halikuwa lake, nikamwambia nataka ukubwa kamili. Akanipa ukubwa kamili. Karatasi ilipokwisha, picha nayo ikaisha, na katika ukurasa wa kwanza Mwalimu Mkuu wetu akatoka bila kilemba cha kofia yake. Alipokata pambizo kusawazisha, tukapoteza na sehemu ya paji la uso. Nyuso nyingine zikatoka na ukungu, kwa sababu picha zile zilinifikia kwa WhatsApp, na picha inayotumwa kwa njia ile ya kawaida hupunguzwa ili ipite upesi. Katika kioo cha simu huoni kasoro. Katika karatasi unaiona.

Nililipa, nikazichukua nakala zangu, nikazifungia kabatini. Pengine mradi wote ungeishia humo kabatini, lau si jambo lililotokea mwezi uliofuata.

Ndugu zangu, nyote mnaikumbuka meli ya Spice Islander I, iliyozama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikija huku kwetu. Karibu hakuna kijiji cha Pemba ambacho hakikuwa na msiba siku ile. Katika waliopotea alikuwamo mwenzetu mmoja wa darasa letu, tuliyemaliza naye kidato cha nne mwaka 1997. Jina lake mnalijua; sitalitaja hapa kwa kuwa sijaomba ruhusa ya watu wake.

Mama yake mzazi alisikia kwamba ninakusanya picha. Akaja nyumbani kwangu na mjukuu wake akimshika mkono. Nilimkaribisha, tukajuliana hali, kisha akasema, "Mwanangu, nimeambiwa una picha ya skuli. Mimi ninayo yake ya kitambulisho, ya ukubwani. Nataka nimwone alivyokuwa mtoto."

Nikafungua kompyuta. Picha ya darasa letu ninayo; mnaikumbuka, tumepanga safu nne mbele ya ukuta wa dakhalia. Nikamwonyesha mwanawe, safu ya tatu. Akasogea karibu. Nikaikuza ile sura ili aione vizuri, na kadiri nilivyoikuza ndivyo ilivyofifia, mpaka ikawa vigae vya rangi tu. Mama akatazama kitambo, akasema, "Macho yangu mabovu, mwanangu." Macho yake hayakuwa na neno. Ubovu ulikuwa wa picha yangu.

Siku ile niliamua kuianza kazi upya, safari hii kwa utaratibu. Nitaueleza utaratibu wenyewe kwa vifungu vinne, kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kuutumia hata kwa albamu ya nyumbani kwake.

Kwanza, kukusanya. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeitumia njia ya masjala, ambayo kila mtumishi wa ofisi anaijua. Kila picha inayoingia hupewa namba. Katika daftari naandika namba hiyo, jina la mwenye picha, tarehe niliyoipokea, mwaka inaodhaniwa kupigwa, na majina ya waliomo. Kilichoandikwa nyuma ya picha nacho hupigwa picha, maana mara nyingi nyuma ndiko kuliko na habari. Picha yenyewe inarudi kwa mwenyewe. Kompyutani nahifadhi nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na moja kwa Katibu wetu aliyeko Unguja, ili yakitokea maji au moto Chake Chake tusipoteze kila kitu.

Pili, kuinakili picha. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 ukiipitisha katika skana kwa nukta 600 kwa kila inchi, unapata nukta 2400 kwa 3600 hivi. Wapiga chapa hutaka nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi, kwa hiyo picha hiyo ndogo inaweza kujaza karibu ukurasa mzima wa A4 bila kuharibika. Lakini uso wa mtu katika picha ya darasa hauzidi punje ya hindi. Hapo nukta 1200 ni bora. Tena ieleweke kwamba skana haizui kilichokuwa hakimo. Ikiwa mtu ana negativu, basi ailete, maana humo ndimo mlimo picha ya asili. Asiye na skana na atumie simu: aiweke picha mezani karibu na dirisha penye mwanga usio wa jua kali, asiwashe taa ya simu, na asimamishe simu sawasawa juu yake. Akiituma, aitume kama hati, si kama picha, ili isipunguzwe.

Na nyongeza moja kwa ajili ya hali ya hewa yetu. Unyevu wa masika na hewa ya bahari hugandisha picha katika kioo cha fremu. Ikishaganda usiibandue, utabandua na nyuso. Ipitishe katika skana pamoja na kioo chake. Na zile albamu zenye kurasa za kunata zilizofunikwa nailoni, tuliozinunua kwa furaha wakati wa ujana wetu, ziepukeni: gundi yake hula picha taratibu. Picha za rangi za miaka yetu zinapauka. Za nyeusi na nyeupe za kaka zetu waliotutangulia zimedumu kuliko zetu.

Kwa njia hiyo tuliipata tena picha ya darasa. Nakala nzuri ya karatasi ilikuwa kwa mwenzetu mmoja anayeishi Maskati, ambaye aliichukua alipohama. Aliipitisha katika skana huko kwa nukta 1200, akanitumia. Uso wa mwenzetu ukatoka, si kwa ukali kamili, lakini ni yeye, na lile tabasamu lake la upande mmoja. Nikaupiga chapa kwa ukubwa wa picha ya pasi, nikampelekea mama yake. Akautia katika mfuko wa kanga yake, akaniombea dua. Sikukaa sana.

Tatu, mpango wa kurasa. Baada ya ile theluji niliacha kutafuta mbali. Siku moja nilikuwa nimekaa barazani, kanga zimeanikwa kambani mbele yangu, nikaona kumbe mpango ninaoutafuta unapepea pale. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote. Ina mji katikati, ambao ndio pambo kuu. Na chini ya mji ina jina, yaani maneno. Nikaupanga ukurasa vivyo hivyo. Pindo ni pambizo: sentimita moja na nusu kila upande isiyowekwa kitu cha maana, ili mashine ya kukatia karatasi ikiteleza kidogo isimkate mtu kichwa. Mji ni picha moja kubwa, au mbili zinazozungumza jambo moja. Si tisa zilizosongamana. Jina ni maelezo, na hayo yako chini ya picha, katika ukurasa ule ule, kwa herufi ambazo mzee wa miaka sabini atazisoma bila kuazima miwani.

Kanga tena huuzwa doti, mbili pamoja. Nasi kurasa mbili zinazotazamana tuzihesabu doti moja: kushoto dakhalia ya zamani, kulia dakhalia ilivyo leo, kushoto timu ya mpira, kulia wachezaji wale wale na vitambi vyao. Na uso wa mtu usiwekwe katikati ya doti, pale kitabu kinapokunjwa, maana utapotea katika mkunjo. Mapambo mengine hayahitajiki. Kwa kazi hii natumia Scribus, programu ya bure ambayo unaipa vipimo vya karatasi yako mwenyewe tangu mwanzo.

Nne, kuchapisha. Nimeuliza kwa wapiga chapa mbalimbali, na naona njia tulizonazo ni hizi.

Njia ya mwanzo ni kusafisha picha studio na kuzibandika kwa mkono katika albamu ya karatasi isiyo na asidi. Ni nzuri, lakini ni nakala moja, na nakala moja ina mwenyewe mmoja.

Ya pili ni kutoa katika printa za madukani hapa hapa kisiwani na kutia pini. Ni rahisi kwa jaribio. Kitabu cha pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Ukiwa na kurasa 30, mbili zitabaki tupu au itakubidi uziongeze.

Ya tatu ni chapa ya kidijiti, Unguja au Dar es Salaam. Hapa hakuna sahani za chapa za kutengeneza, kwa hivyo bei ya nakala ya kwanza na ya hamsini haitofautiani sana. Inafaa kwa makumi ya nakala.

Ya nne ni ofseti. Hapa sahani hutengenezwa kwanza, na gharama yake ni ile ile ukichapa nakala kumi au elfu. Nakala chache zitakuwa ghali. Mia kadhaa zitashuka bei. Unguja haikuanza chapa jana: Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na matbaa yake iliyochapa vitabu vya dini. Lakini nakala mia tano za kitabu chetu tutampa nani? Nimeona mabunda ya vitabu vya jumuiya nyingine yakiliwa na mchwa katika maghala.

Kwa hiyo pendekezo langu, Ndugu Mwenyekiti, ni hili. Tuchape kurasa 64 kwa ukubwa wa A4 kwa njia ya kidijiti, nakala sitini tu, karatasi ya ndani iwe ya gramu 130 hadi 150, jalada la gramu 300, na kitabu kigandishwe kwa gundi mgongoni. Kabla ya hapo tutoe nakala moja ya jaribio, tuipitie kwa pamoja, na Mwenyekiti aitie sahihi. Wenzetu walioko Maskati, Dubai, Mombasa na London tuwapelekee kitabu kwa njia ya kompyuta, wachapishe huko huko waliko, watuepushie gharama za kusafirisha. Nakala tatu kati ya zetu tuziweke mahali zitakapodumu kuliko sisi: maktaba ya skuli, makumbusho yaliyomo katika ngome ya zamani hapa Chake Chake, na Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja, ikiwa watakubali kuzipokea.

Nimebakisha jambo moja, nalo ndilo lililonileta.

Picha zimepatikana. Mpango umepatikana. Mpiga chapa atapatikana, tukichanga. Kisichopatikana ni majina. Katika picha ya darasa letu tupo wavulana 38. Mimi nilikaa nao miaka minne, nikala nao ugali mmoja, na nilipokaa kuandika nikawataja 31. Wenzangu wawili wakaniongezea sita. Kabakia mmoja. Ni yule aliye mwisho wa safu ya tatu, mkono wa kulia, amesimama bega kwa bega na marehemu mwenzetu. Shati lake limechomekwa vizuri, anacheka. Nimeuliza Wete, nimeuliza Mkoani, nimetuma Maskati. Kila mtu anasema, "Aa, huyu namjua," halafu jina halimjii.

Basi ikiwa hali ni hiyo kwa picha ya mwaka 1997, na sisi bado tuna meno yetu, itakuwaje kwa picha za kaka zetu za miaka ya sabini? Walimu wanaoweza kuwataja wanafunzi wale tunao wachache, na watatu kati yao wamekaa mbele yangu hapa. Mwaka jana tulikuwa nao watano. Kazi ya kompyuta inaweza kungoja mwakani. Kazi ya kuwakalisha walimu hawa na daftari haiwezi.

Naomba pia tuheshimiane katika ruhusa. Picha nyingine zina dada zetu na mama zetu waliokuja siku za sherehe. Hakuna itakayochapwa mpaka wenyewe, au watu wao, waridhie. Na picha ya marehemu tuiombe kwa jamaa zake.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Namalizia.

Pale nyuma ya ukumbi, kwenye meza ndefu, nimezitandaza picha 112, kila moja kwa namba yake, na chini ya kila moja nimebandika karatasi tupu. Penseli zipo, nimezichonga mwenyewe asubuhi. Kabla hamjaenda kwenye pilau, nawaombeni mpite pale mmoja mmoja. Unayemjua, mwandike jina. Usiye na hakika naye, mwandike na utie alama ya kuuliza, mwingine atasahihisha. Maalim zetu wamewekewa viti, na vijana watawashikia picha.

Picha ya darasa letu ni namba 17. Kwa hisani yenu, mtazameni yule wa mwisho mkono wa kulia.